Jinsi ya Kutenganisha Moshi na Ardhi katika Picha za Setilaiti za Lubumbashi Wakati wa Kiangazi

Msitu wa miombo unaozunguka Lubumbashi huonekana vizuri kutoka angani katika msimu mmoja tu ambao hauna mawingu mengi, nao ni kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba. Huo huo ndio msimu ambao nyasi huchomwa, mashamba mapya husafishwa kwa moto, na matanuru ya makala, yaani makaa ya miti, hufuka usiku na mchana, hata hewa iliyo kati ya setilaiti na miti ikajaa moshi. Mvua zinapoanza mambo hugeuka: hewa husafishwa, lakini mawingu huifunika nchi wiki baada ya wiki. Kwa hiyo anayetaka kupima ni kiasi gani cha msitu kimekatwa kando ya barabara ya Kasenga, ya Likasi au ya Kipushi hana budi kutumia picha za kiangazi, na hana budi kujua moshi unazifanya nini namba zake kabla hajaandika kwamba kijiji fulani kimemaliza miti.

Mwongozo huu ni wa wanafunzi, watumishi wa mazingira, waandishi wa habari na wanachama wa mashirika ya kiraia wanaotumia picha za bure za setilaiti za Sentinel-2 na Landsat pamoja na programu ya ramani ya QGIS. Nachukulia kwamba msomaji anajua kupakua picha, kuifungua na kukokotoa kwa bendi zake, yaani safu zilizopimwa kila moja kwa wimbi lake la mwanga. Kanuni ninayoishikilia ni moja: badiliko lolote linaloonekana kwenye picha ya kiangazi lihesabiwe kuwa ni la hewa mpaka lithibitishwe kuwa ni la ardhi.

Moshi unaufanya nini mwanga

Erosoli ni chembe ndogo sana, ngumu au za majimaji, zinazoelea hewani. Katika Katanga ya juu zile zinazotuhusu ni moshi wa nyasi na miti, masizi, vumbi la barabara na migodi, na matone ya salfeti yanayotokana na gesi ya salfa dioksidi itokayo kwenye viwanda vya kuyeyushia shaba. Mwanga wa jua hupita katikati ya chembe hizo mara mbili: ukishuka hadi ardhini, kisha ukipanda kutoka ardhini hadi kwenye kamera ya setilaiti. Katika safari zote mbili chembe hufanya kazi mbili zinazopingana. Kwanza huutawanya mwanga, na sehemu ya mwanga uliotawanywa huingia kwenye kamera bila kuwahi kugusa ardhi, hivyo kuongeza mng'ao ambao si wa ardhi. Pili huuzuia na kuunyonya mwanga uliokuwa uifikie ardhi au urudi kutoka ardhini, hivyo kupunguza mng'ao ambao ni wa ardhi kweli. Ni kama kutazama uani kupitia chandarua cheupe kilichopigwa na jua: vitu vyeusi huonekana vimepauka, na vitu vyeupe hufifia.

Juu ya msitu mzito au maji, ambavyo ni vyeusi katika mwanga tunaouona kwa macho, athari ya kwanza hushinda na picha hung'aa kupita kiasi. Juu ya udongo mkavu, mapaa ya mabati mapya au lundo la mchanga wa mgodi, athari ya pili inaweza kushinda na ardhi ikaonekana nyeusi kuliko ilivyo, hasa moshi ukiwa na masizi mengi. Kati ya hali hizo mbili kuna kiwango cha uakisi, yaani sehemu ya mwanga ambayo ardhi huirudisha, ambapo athari hizo hulingana, na hapo moshi hauonekani kabisa kwenye namba ingawa upo. Ndiyo sababu hakuna namba moja unayoweza kuiondoa kwenye kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, ukasema umesafisha picha.

Wingi wa erosoli hupimwa kwa namba iitwayo unene wa kimwanga, ambayo kwenye mafaili huandikwa AOT au AOD, na kwa kawaida hutolewa kwa wimbi la nanomita 550. Jua likiwa utosini, unene wa 0.1 huacha takriban asilimia 90 ya mwale wa moja kwa moja ifike ardhini. Unene wa 0.5 huacha takriban asilimia 61. Unene wa 1 huacha asilimia 37 tu. Mwanga mwingine hauwi umepotea wote, kwa sababu sehemu yake kubwa hufika ardhini ikiwa imetawanyika, lakini umekwisha kupoteza njia yake, na vivuli na mipaka ya mashamba huanza kufifia.

Jambo la manufaa kuliko yote ni kwamba moshi hauzitendei bendi zote sawa. Chembe za moshi wa nyika ni ndogo kuliko mikromita moja, kwa hiyo huathiri sana mawimbi mafupi na kidogo sana mawimbi marefu. Tukichukua kipeo cha Ångström (namba inayoonyesha jinsi unene unavyopungua wimbi likirefuka) cha 1.8, ambacho ni cha kawaida kwa moshi wa aina hii, unene wa kimwanga katika bendi ya buluu ya nanomita 490 huwa karibu mara 15 ya ule wa bendi ya infraredi fupi, mwanga usioonekana kwa macho, ya nanomita 2190. Ndiyo maana siku ambayo picha ya rangi za kawaida inaonyesha utando mweupe tu, bendi ya 12 ya Sentinel-2 au ya 7 ya Landsat 8 na 9 inaweza kuonyesha kila njia ya msituni kwa ukali. Vumbi ni tofauti: chembe zake ni kubwa, na huzipunguzia au kuziongezea bendi zote kwa kiasi kinachokaribiana, hata zile za infraredi fupi. Ukikuta utando ambao hauondoki unapohamia bendi ya 12, na uko kando ya machimbo ya wazi au barabara ya malori yaendayo Kasumbalesa, fikiria vumbi, au wingu jembamba, kabla ya kufikiria moshi.

Kuchagua tarehe

Hatua hii inaokoa kazi nyingi kuliko masahihisho yote yanayofuata, na ndiyo ambayo watu huirukaruka. Moto huanza mara majani yanapokauka mwishoni mwa mvua, huongezeka kadiri kiangazi kinavyoendelea, na moshi huwa mzito zaidi Agosti na Septemba. Kituo cha kupimia erosoli cha mtandao wa AERONET kilichoko Mongu, magharibi mwa Zambia, kimeonyesha mwenendo huo kwa miaka mingi, na hewa yetu ya kiangazi ni ndugu ya ile ya Mongu. Kwa hiyo, ukiwa na uhuru wa kuchagua, chagua Mei na mwanzo wa Juni: mawingu yamekwisha ondoka, moshi haujajaa, na miti mingi bado ina majani.

Linganisha Mei na Mei, Juni na Juni. Anayeweka picha ya Mei ya mwaka mmoja karibu na picha ya Septemba ya mwaka mwingine anachanganya mambo matatu: ukataji, moshi na tabia ya miti yenyewe. Miti ya miombo, yaani jamii za Brachystegia na Julbernardia, hupukutisha majani katika kiangazi, kisha huchipua kabla mvua haijafika, mara nyingi mwezi wa Septemba, na majani hayo machanga huwa mekundu au ya rangi ya shaba kabla hayajawa ya kijani. Mlima mzima ulio na majani mekundu hupandisha uakisi wa bendi nyekundu sawasawa na vile moshi unavyofanya. Hakuna fomula itakayokutenganishia hayo mawili vizuri. Ni kalenda tu itakayokusaidia.

Kabla ya kupakua picha nzito, ambayo kwa Sentinel-2 huweza kufikia gigabaiti moja na kumaliza vifurushi vya intaneti, tazama siku hiyo kwenye tovuti ya NASA iitwayo Worldview, inayoonyesha picha za kila siku za MODIS na VIIRS, kamera zilizomo kwenye setilaiti nyingine. Pikseli zake ni kubwa na hazitakuonyesha shamba, lakini zitakuonyesha kama utando wa moshi umeifunika Lubumbashi, umeishia Likasi, au unaanzia ng'ambo ya mpaka. Washa pia tabaka la sehemu zenye moto, ambalo hutokana na joto linalopimwa na setilaiti hizo, na uangalie siku tatu au nne zilizotangulia. Katika kiangazi upepo mwingi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo moto unaoweza kuichafua picha yako mara nyingi umewaka upande huo.

Kuitazama picha kabla ya kuihesabu

Ukishafungua picha, usianze na kukokotoa. Weka bendi za nyekundu, kijani na buluu upande mmoja wa kioo, na upande wa pili weka infraredi fupi, infraredi ya karibu na nyekundu, yaani bendi za 12, 8A na 4 kwa Sentinel-2 au 7, 5 na 4 kwa Landsat 8 na 9. Kisha pitia picha zote mbili kwa pamoja, kipande kwa kipande. Kinachoonekana upande wa kwanza na kutoweka upande wa pili ni moshi. Kinachoonekana pande zote mbili ni ardhi, wingu, au vumbi.

Moshi wa tanuru la makala una umbo lake, na ukishaliona hulisahau. Huanzia kwenye doa moja dogo lenye ncha, mara nyingi katikati ya eneo lililokwisha punguzwa miti, kisha hunyooka kama mshipi wa rangi ya buluu-kijivu kuelekea kaskazini-magharibi, ukipanuka na kufifia. Setilaiti hizi hupita juu yetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi kwa saa za jua, wakati moshi wa usiku mara nyingi bado umelala mabondeni. Kwa hiyo mara nyingine utaona mabonde ya mito yamejaa utando wakati vilele viko safi. Mchanganyiko huo ni hatari kwa mpimaji, kwa sababu misitu ya kando ya mito ndiyo iliyobaki mizito, na moshi huifanya ionekane kana kwamba imepungua kuliko miti ya vilimani.

Jihadhari pia na mawingu membamba ya juu, yaliyoundwa kwa barafu, ambayo huweza kufananishwa na moshi. Bendi ya 10 ya Sentinel-2 na bendi ya 9 ya Landsat, zote mbili karibu na nanomita 1375, ziliwekwa kwa ajili hiyo: mvuke wa maji ulio katika sehemu ya chini ya angahewa hunyonya wimbi hilo karibu lote, hivyo kinachong'aa humo kiko juu sana, na moshi wa kawaida wa nyika hauonekani humo. Kwa Sentinel-2 bendi ya 10 haimo kwenye bidhaa iliyokwisha sahihishwa, itabidi uichukue kwenye ile ya kiwango cha kwanza.

Kuzisoma safu za erosoli zinazokuja na picha

Bidhaa za kiwango cha pili za Landsat na Sentinel-2 zimekwisha pitishwa kwenye programu ya kusahihisha angahewa, na wengi huzichukua kana kwamba hewa imeondolewa kabisa. Haijaondolewa, imekadiriwa, na makadirio huja na taarifa ya ubora wake ndani ya faili. Soma taarifa hiyo.

Kwa Landsat 8 na 9 za Kolekshoni ya 2, fungua safu iitwayo SR_QA_AEROSOL. Namba za pikseli zake huficha ngazi ya erosoli katika biti mbili za mwisho, na njia rahisi ya kuzisoma ni hii: namba kuanzia 192 na kuendelea ni erosoli nyingi, kati ya 128 na 191 ni ya wastani, kati ya 64 na 127 ni kidogo, na iliyo chini ya 64 maana yake programu ilishindwa kukadiria ikaweka wastani wa kawaida. Pikseli zenye erosoli nyingi ziondoe kwenye hesabu. Watengenezaji wa data wenyewe hawapendekezi zitumike. Zile za chini ya 64 mimi huziondoa pia ninapopima msitu, kwa sababu katika Agosti wastani wa kawaida hauna maana kubwa. Halafu badilisha namba za bendi ziwe uakisi: zidisha kwa 0.0000275 kisha toa 0.2. Pikseli yenye 8727, kwa mfano, ina uakisi wa 0.04.

Kwa Sentinel-2 utakuta safu ya AOT, ambayo thamani zake hugawanywa kwa 1000. Hapa kuna jambo ambalo kwa nchi ya miombo ni zito, na linastahili kuelezwa kwa kirefu. Programu ya Sen2Cor, inayozitengeneza bidhaa hizi, hukadiria erosoli kwa kutafuta mimea mizito na myeusi ndani ya picha. Wazo lake lina mantiki: uakisi wa mimea hiyo katika infraredi fupi haujaguswa sana na moshi, na inajulikana kwamba mimea ya kijani iliyo mizito ina uakisi wa nyekundu ulio karibu nusu ya ule wa infraredi fupi, na wa buluu ulio karibu robo, kwa hiyo chochote kinachozidi hapo katika nyekundu na buluu huhesabiwa kuwa ni cha hewa. Sasa fikiria miombo mwezi wa Agosti. Majani yamepukutika, nyasi zimekauka au zimeungua, na mimea mizito iliyobaki ni vipande vya muhulu (msitu mzito usiopukutisha majani), miti ya kando ya mito, na bustani za umwagiliaji. Programu inapokosa mimea ya kutosha hulegeza masharti yake, na ikikosa kabisa hutumia thamani iliyowekwa tangu mwanzo au makadirio ya modeli ya angahewa ya dunia nzima, kutegemea toleo lake. Yaani katika mwezi ambao tunahitaji kipimo cha moshi kuliko mwezi mwingine wowote, ndipo uwezo wa programu wa kuupima unapopungua.

Dalili yake ni rahisi kuiona. Fungua safu ya AOT na uangalie thamani ya chini na ya juu kabisa. Ikiwa kipande kizima cha picha, chenye upana wa zaidi ya kilomita 100, kina namba moja au karibu moja, hali kwenye picha ya rangi unaona utando umefunika kona moja tu, basi namba hiyo si kipimo cha siku hiyo mahali hapo. Isitoshe, Sen2Cor huchagua kati ya erosoli ya aina ya mashambani na ya baharini, na haina aina ya moshi wa moto wa nyika wenye masizi mengi. Kwa hiyo hata unene ukikadiriwa vizuri, unyonyaji wa mwanga hubaki umesahihishwa nusu.

Kuna mtego mwingine ambao hauhusiani na hewa lakini hufanana nayo kabisa. Tangu tarehe 25 Januari 2022 bidhaa za Sentinel-2 huongezewa 1000 kwenye kila namba, na lazima uitoe kabla ya kugawanya kwa 10000; pikseli yenye 1400 ina uakisi wa 0.04, si 0.14. Picha za zamani ziliposindikwa upya nazo zilipata nyongeza hiyo, kwa hiyo usiangalie tarehe ya picha, angalia toleo la usindikaji ndani ya faili la maelezo: kuanzia 04.00 na kuendelea, toa 1000. Anayesahau hupata utando wa uongo wa 0.1 juu ya nchi nzima.

Mahali pasipobadilika

Njia niitumainiayo zaidi ni kuchagua sehemu kadhaa ambazo ardhi yake haibadiliki, kuzichorea mipaka mara moja tu, na kuzisoma katika kila picha. Zikipanda au kushuka zote pamoja, kilichobadilika ni hewa.

Chagua angalau sehemu moja nyeusi na moja angavu. Kwa sehemu nyeusi, kipande kizito cha muhulu kinachobaki kijani mwaka mzima ni kizuri, mradi kiwe na upana wa kutosha ili uchukue pikseli za katikati tu. Kwa sehemu angavu, tumia barabara ya kurukia ndege ya uwanja wa Luano kwa Sentinel-2, au uwanja mkubwa wa zege. Pikseli ya Landsat yenye mita 30 huchanganya lami na nyasi za kando. Kilima cheusi cha mabaki ya uyeyushaji kilicho karibu na bomba kuu la moshi mjini huvutia kwa sababu kila mtu anakijua na ni cheusi kweli, lakini kimekuwa kikichimbwa upya ili kupata madini yaliyobaki, na uso wake husogea, usikitumie. Ziwa Tshangalele nalo si chaguo zuri: lina kina kifupi, mimea na tope, na maji yake hubadilika rangi kwa sababu zake lenyewe.

Kwa kila picha andika katika jedwali uakisi wa buluu, nyekundu, infraredi ya karibu na infraredi fupi wa kila sehemu. Muhulu ukiwa umepanda katika buluu na nyekundu bila kusogea katika infraredi fupi, ni moshi. Ukiwa umepanda katika zote, ni vumbi, wingu jembamba, au kosa la 1000 nililolitaja.

Ikiwa unafanya kazi na picha ambayo haijasahihishwa, unaweza kutumia njia ya kuondoa kitu cheusi iliyoelezwa na Pat Chavez mwaka 1988: tafuta pikseli nyeusi kabisa katika kila bendi, chukua kwamba uakisi wake halisi ni karibu 0.01, na kilichozidi kiondoe kwenye bendi nzima. Huondoa mng'ao ulioongezwa, lakini hairudishi mwanga uliopotea, na huchukulia kwamba moshi umesambaa sawasawa. Juu ya mshipi wa tanuru haifai.

Kuchagua kipimo cha mimea

NDVI, namba ya ukijani inayolinganisha infraredi ya karibu na nyekundu, ndiyo inayozoeleka, na ndiyo inayodanganywa kwa urahisi zaidi. Tuseme miombo ya Juni ina uakisi wa 0.03 katika buluu, 0.05 katika nyekundu, 0.30 katika infraredi ya karibu na 0.12 katika infraredi fupi. NDVI yake ni 0.71. Sasa moshi uje, uongeze 0.05 katika buluu na 0.03 katika nyekundu, upunguze 0.01 katika infraredi ya karibu, na usiguse infraredi fupi. NDVI hushuka hadi 0.57. Mtu aliyeweka kizingiti cha badiliko kuwa 0.1 atachora msitu wote huo kwa rangi ya ukataji, na hakuna mti hata mmoja ulioanguka.

Kwa namba zile zile, EVI, ambayo hutumia bendi ya buluu kurekebisha nyekundu, ilikuwa 0.45 na inabaki 0.45. Kipimo cha NBR, kinacholinganisha infraredi ya karibu na infraredi fupi, kilikuwa 0.43 na kinakuwa 0.41. Huo ni mfano wa kukokotoa, na moshi wa kweli hautakuwa mpole hivyo kila mara, hasa ukipita unene wa 0.5 au 0.6. Hata hivyo mwelekeo ndio huo. Kwa hiyo kokotoa vyote vitatu. Pikseli ambayo NDVI imeshuka lakini EVI na NBR zimetulia iache. Pikseli ambayo vyote vitatu vimeshuka ichunguze, ukikumbuka kwamba NBR hushuka pia mahali nyasi zilipoungua chini ya miti, na kwamba kovu la moto wa nyasi si ukataji. Miti iliyosimama hapo itachipua.

Zingatia pia ukubwa wa eneo. Moshi huupotosha mwanga wa jirani: mwanga uliotoka kwenye msitu wa pembeni hutawanywa na kuingia kwenye pikseli ya shamba dogo, na wa shamba kuingia msituni. Eneo la makala lisilofika hekta moja, lililozungukwa na miti, huonekana halijakatwa sana kuliko lilivyokatwa. Kwa hiyo moshi hauzidishi tu ukataji wa uongo, huficha pia ukataji wa kweli, na anayeripoti kwamba hakuna kitu anaweza kuwa amekosea vilevile.

Vumbi lililotua kwenye majani kando ya barabara za malori ni jambo jingine kabisa. Hilo si hewa tena, ni sehemu ya uso unaopimwa, na hakuna sahihisho la angahewa litakaloliondoa. Mahali hapo subiri mvua ya kwanza, halafu usome tena.

Kuunganisha picha nyingi

Sentinel-2 hupita kila baada ya siku tano, na Landsat 8 na 9 kwa pamoja kila baada ya siku nane, kwa hiyo kuanzia Mei hadi mwisho wa Juni utapata picha za kutosha kuunganisha. Chukua thamani ya kati ya kila pikseli ikiwa picha nyingi ni safi. Ikiwa nyingi zina moshi, thamani ya kati nayo itakuwa na moshi, na hapo ni afadhali uchague kwa kila pikseli ile siku ambayo buluu ilikuwa chini kabisa. Njia hii ina kasoro yake: huvutwa na vivuli vya mawingu, ambavyo navyo vina buluu ndogo. Futa kwanza vivuli kwa kutumia safu ya SCL ya Sentinel-2, inayotaja aina ya kila pikseli, ambapo kivuli cha wingu ni 3 na mawingu ni 8, 9 na 10, ndipo uchague.

Kuandika matokeo

Katika ripoti, kando ya kila eneo unalosema limekatwa, andika tarehe ya picha, ngazi ya erosoli iliyosomwa, thamani za sehemu zako zisizobadilika siku hiyo, na vipimo vipi kati ya NDVI, EVI na NBR vilivyoshuka. Ramani ya ukataji iliyochorwa kwa picha ya Septemba bila maelezo hayo inaweza kumfanya chifu aitwe kujibu kwa ajili ya moshi uliovuka mpaka, na wakazi wa kijiji chake wataendelea kuihesabu kazi ya setilaiti kuwa ni uzushi muda mrefu baada ya kosa kurekebishwa.

Maeneo yenye shaka yaweke kwenye orodha yake, yakiwa na majira-nukta ya kila moja, na uyapeleke kwa mtu wa huko anayeweza kufika kwa pikipiki na kupiga picha kwa simu, uso wa kamera ukielekezwa pande nne. Kama hakuna wa kufika, yaache mpaka picha ya kwanza safi ya Mei ifuatayo. Visiki vya miombo huchipua haraka, lakini taji la mti mzima halirudi kwa msimu mmoja wa mvua; eneo lililokatwa kweli litaonekana bado liko wazi, na lile lililofunikwa na moshi tu litakuwa na uakisi wake wa zamani.